Maji ya Pilato na Maji ya Wazee



Jumamosi moja ya Kwaresima, tulipokuwa tukiwaandaa wakatekumeni kwa ubatizo wa Pasaka, tulifika kwenye hukumu ya Bwana mbele ya Pilato. Kijana mmoja, aliyesoma miaka kadhaa upande wa Uganda, akainua mkono. Alisema kwamba huko shuleni mwalimu wao, kila alipochoshwa na fujo za darasa, alikuwa akitamka kwa Kiingereza «I wash my hands of you», kisha anachukua vitabu vyake na kutoka. Kijana akauliza: je, Waingereza waliutoa msemo huo katika Injili, au ni waliotafsiri Injili walioutia msemo wa Kiingereza mdomoni mwa Pilato? Wenzake wakacheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu swali lilikuwa jema na jibu tulilompa siku ile lilikuwa fupi mno. Tuliwaza juu yake njia nzima ya kurudi nyumbani, na leo tunalipa deni hilo kwenye ukurasa huu.

Jibu fupi ni kwamba msemo umetoka katika Injili. Na kati ya Wainjili wanne ni Mathayo peke yake, sura ya 27, anayesimulia kwamba Pilato aliagiza maji akanawa mikono mbele ya umati na kusema kwamba damu ile haimhusu. Mtu huyo alikuwapo kweli. Aliitawala Yudea kwa niaba ya Roma tangu mwaka 26 hadi 36, na mwaka 1961 wachimbaji wa mambo ya kale walipata jiwe lenye jina lake huko Kaisaria, kando ya bahari. Maneno ya Mathayo yaliposomwa na kuhubiriwa karne kwa karne katika Ulaya, kitendo cha mtu mmoja kikawa usemi wa watu wote. Kifaransa tulichofundishwa shuleni nacho kinao, na wengi wetu hapa Butembo tumewahi kukisikia kikitumika ofisini, mezani kwa mtu ambaye hakutaka kusoma karatasi zetu. Kwa upande wa Waingereza, kufikia siku za Shakespeare jina la Pilato lilitosha lenyewe. Katika mchezo wake juu ya mfalme Richard wa Pili, ulioandikwa yapata mwaka 1595, mfalme anayevuliwa taji anawageukia walio karibu naye na kuwaita Pilato. Tunaomba msomaji aangalie anaoambiwa hivyo ni akina nani: miongoni mwao wamo wale waliosimama tu wakitazama, wakionyesha huruma kwa nje.

Hata hivyo Kiingereza kimekwenda mbali kuliko Pilato mwenyewe. Msemo wao una kineno kidogo, na Kifaransa kina chake vilevile, ambacho kinaonyesha kile kinachooshwa kitoke mikononi. Kwa hiyo mwalimu yule wa Uganda hakusema tu kwamba anajitoa. Alisema kwamba wanafunzi wake ni uchafu uliomshika vidoleni. Pilato hakuthubutu kusema hivyo. Alikiri kwamba hakuona kosa kwa mtu yule, na mke wake alikuwa ametuma ujumbe kumwonya asijitie katika kesi ya mwenye haki. Labda ndiyo maana ndugu zetu Wakristo wa Kanisa la Othodoksi la Ethiopia wanamheshimu Pilato pamoja na mke wake miongoni mwa watakatifu. Sisi Wakatoliki hatukufika huko. Sisi tunalitaja jina lake kila Dominika katika Kanuni ya Imani, na hatulitaji kwa sifa.

Hapo ndipo tuliposimama Jumamosi ile. Kumbe habari haikuanza na Pilato.

Afisa wa Roma alikuwa akiwahukumu watu wa Yerusalemu, na ishara aliyowafanyia ilikuwa ishara wanayoijua wao kutoka katika Torati. Msomaji afungue Kumbukumbu la Sheria, sura ya 21, aya tisa za kwanza. Ni sura ambayo haisikiki sana kanisani, nasi tulio walimu wa dini huiruka kwa sababu ya ndama anayevunjwa shingo. Inasema hivi: ikiwa maiti ya mtu aliyeuawa imeonekana shambani, na aliyemuua hajulikani, wazee na waamuzi watoke waende mahali pale. Wapime umbali kutoka kwenye maiti hadi miji iliyo kandokando. Mji utakaoonekana ulio karibu zaidi, wazee wake wamchukue ndama jike ambaye hajafanya kazi wala kuvuta nira, wamteremshe kwenye bonde lenye maji yatiririkayo, bonde lisilolimwa wala kupandwa, wamvunje shingo pale. Makuhani wawepo. Halafu, baada ya yote hayo, wazee wanawe mikono juu ya ndama, watamke kwamba mikono yao haikumwaga damu hiyo wala macho yao hayakuona, na waombe Mungu awasamehe watu wake.

Kwa hiyo kunawa mikono, kwa asili yake, kulikuwa tendo la mwisho katika kazi ndefu. Mzee wa mji hakunawa akiwa barazani kwake. Alitoka kwanza, akaenda hadi maiti ilipolala, akaona, akapima kwa kamba au kwa hatua, akakubali kwamba mji ulio karibu ni wake, akagharamia ndama, akateremka bondeni. Pilato aliyachukua maji, akaiacha kazi. Hakutoka kwenda popote, na aliyenawa kwa ajili ya damu yake alikuwa bado hai, amesimama mbele yake, na neno moja la gavana lingemfungua. Msemo uliofika hadi kwa mwalimu wa Uganda ni ule wa Pilato. Ule wa wazee ulibaki katika Torati.

Walimu wa Kiyahudi walioandika Mishna, yapata miaka 200 baada ya Kristo, walijiuliza swali ambalo hata mtoto angeliuliza: kwani nani aliwashuku wazee kuwa ni wauaji hata waape hivyo? Jibu lao limetukaa moyoni. Walisema kiapo cha wazee kina maana hii: mtu huyu hakutufikia nasi tukamwacha aende bila chakula, wala hatukumwona nasi tukamwacha aende peke yake njiani pasipo wa kumsindikiza. Mji unaulizwa juu ya ukarimu wake kabla ya kuulizwa juu ya kisu. (Tuseme pia, kwa kuwa tumewataja Wayahudi, kwamba kilio cha umati katika sura ile ya Mathayo kilitumiwa vibaya kwa karne nyingi dhidi ya taifa zima, na kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikataa jambo hilo waziwazi tarehe 28 Oktoba 1965. Tuwafundishe wakatekumeni hilo nalo.)

Na Mishna hiyo inaongeza jambo lingine. Wauaji walipozidi kuwa wengi, inasema, desturi ya ndama ilikoma. Tulipofika hapo tulikifunga kitabu kwa muda, kwa maana tuliona kana kwamba inasema juu yetu.

Tangu Oktoba 2014 mashamba ya wilaya ya Beni yamekuwa yakionyesha maiti. Mwanzoni tulihesabu. Mtu wa Butembo aliweza kukutajia kijiji, usiku na idadi ya waliozikwa. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2016, makumi ya watu walipouawa Rwangoma, ndani ya mji wa Beni kabisa, jiji letu lilisimama kulia. Tarehe 27 Juni 2021, bomu lilipolipuka katika kanisa la Emmanuel-Butsili asubuhi kabla ya Misa, tulipigiana simu hadi jioni. Lakini mauaji hayakukoma, nasi tukaacha kupima. Sasa habari ikitufikia sokoni kwamba wakulima wamekutwa wamekatwa, tunauliza swali moja tu: ni upande gani? Tukijibiwa kwamba ni mbali, kule nyuma ya Oicha, tunaendelea kuuliza bei ya maharage. Kutoka Butembo hadi Beni ni zaidi ya kilomita 50 kidogo. Kutoka Beni hadi Oicha ni kama kilomita 30. Wazee wa Torati wangekuwa wamekwisha kufika na kamba yao.

Tunajua jibu ambalo wengi watatupa, na si jibu la kijinga. Watasema: sisi ni raia, hatuna bunduki. Kuna serikali, kuna jeshi, kuna kofia za buluu za MONUSCO, na tangu Mei 2021 kuna hali ya kuzingirwa iliyowaweka askari katika viti vya magavana. Hao ndio wanaopaswa kupima. Ni kweli, na mwenye kushika madaraka aliyeacha kazi yake atajibu mbele ya Mungu na, tunaomba, mbele ya mahakama. Sisi si watu wa kumtetea Pilato yeyote. Lakini tumeishi muda wa kutosha kuona kinachotokea: jeshi linasema msitu ni mkubwa, wageni wa Umoja wa Mataifa wanasema usalama ni kazi ya serikali, serikali inasema adui ni gaidi wa kimataifa, nasi tunasema ni kazi ya wote hao. Beseni linazungushwa kutoka mkono hadi mkono, na maji ni yaleyale.

Hata hivyo kosa tunalotaka kuliungama hapa ni dogo kuliko hayo, na ni la kwetu.

Kila mmoja wetu anakumbuka miezi ya Ebola. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukianzia Mangina, na mwisho wake ukatangazwa tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua na 2,287 kati yao wakafariki. Pengine hakuna miji mingine duniani iliyonawa mikono kama Beni na Butembo katika miezi ile. Ndoo yenye robine ilisimama mbele ya kila duka, kila ofisi, kila shule na kila kanisa. Kwenye vizuizi vya barabara abiria wote walishuka garini, wakapanga mstari, wakanawa maji ya klori na kupimwa joto la paji la uso, kisha wakapanda tena. Kanisani tuliacha kupeana mikono ya amani. Tunayasema haya bila dhihaka: maji yale yaliokoa watu, na walioyakataa kwa sababu ya uvumi walizika watoto wao. Wapo pia waliokuja kututibu wakauawa, kama daktari Richard Mouzoko, mwana wa Kameruni, aliyepigwa risasi hapa Butembo tarehe 19 Aprili 2019.

Katika jumuiya yetu palikuwa na familia ambayo mama wa nyumba alikuwa amemuuguza dada yake. Wote wa nyumba ile wakaandikwa kama watu waliogusana na mgonjwa, wafuatiliwe siku 21. Wauguzi walikuja kila siku kuwapima. Sisi hatukuja. Tulikuwa na sababu, na siku zile sababu ilikuwa halali: tulikatazwa kugusana. Lakini hakuna aliyetukataza kuweka debe la unga langoni na kurudi nyuma hatua kumi. Hakuna aliyetukataza kusali rozari tukiwa upande wa pili wa njia, mahali ambapo wangetusikia. Siku ya 21 ikapita, hakuna aliyeugua, nasi tukaendelea kulikwepa lango lile wiki nzima, kisha mwezi. Watoto wao walipokuja kisimani, wengine walivuta madumu yao kando. Tulikuwa tukinawa mara ishirini kwa siku, na mikono ikanuka klori hata usiku kitandani. Baba wa nyumba ile alikuja kutuambia baadaye, kwa sauti ya upole ambayo ilikuwa mbaya kuliko hasira, kwamba ugonjwa haukuingia kwake, ila aliona jinsi sisi tulivyotoka.

Hatukuwa na la kumjibu, na bado hatuna.

Tukitazama Kiswahili chetu, tunaona kwamba hatukupaswa kudanganyika kirahisi hivyo. Lugha yetu inatenganisha mambo: sahani huoshwa, nguo hufuliwa, mtoto huogeshwa, lakini mikono na uso mtu hunawa. Na katika nyumba zetu, kabla ya msemo huu wa kigeni kuingia, mtu alinawa kwa nini? Alinawa kwa sababu bugali iko tayari. Mtoto mdogo wa nyumba huja na birika na beseni, na taulo begani, anamnawisha mgeni kwanza, halafu wakubwa, halafu wengine. Anayenawa ni yule anayekaribia sahani ya pamoja. Anayekwenda zake hanawi, anaaga tu. Kwa hiyo mtu wa zamani wa milima hii, kama angeambiwa kwamba gavana fulani amenawa mikono mbele ya watu, angedhani amekubali kula nao. Sasa hata wazee wetu wakichoshwa na shauri la ardhi kati ya ndugu wawili wanasema «nimenawa mikono», na wote waliokaa barazani wanaelewa kwamba ametoka. Tumeazima maana, na ile yetu tumeiacha mezani.

Jambo la mwisho la historia, kwa kuwa wakatekumeni wetu watalishuhudia kila Dominika. Padri anaponawa vidole baada ya kupokea vipaji, zamani alisali kwa Kilatini sehemu ya Zaburi ya 26, ambayo humo mwenye kusali anasema kwamba atanawa mikono yake kati ya wasio na hatia. Neno lake la kwanza, «lavabo», ndilo lililokuja kuwa jina la beseni lenye bomba katika nyumba za Wafaransa, na sasa katika nyumba za wenye uwezo hapa mjini. Wanaolinunua dukani hawajui kwamba wananunua neno la Misa. Baada ya Mtaguso, katika Misale ya mwaka 1970, sala hiyo ilibadilishwa. Sasa padri anatumia maneno ya Zaburi ya 51, ile ya toba, ambamo mtu hajinawi tena: anamwomba Mungu amwoshe. Hatujui kama waliofanya badiliko hilo walimfikiria Pilato. Lakini mtu aliyewahi kunawa kama tulivyonawa sisi katika miezi ile anaelewa kwa nini sala ya pili inasalika kwa urahisi zaidi kuliko ya kwanza.

Katika mkutano wetu uliopita lilitolewa pendekezo kwamba chama kisiandikishe tena familia za wakimbizi katika orodha yake ya misaada. Tangu vita viliposhika kusini mwa Lubero, pamoja na mauaji ya upande wa Beni, wanaofika Butembo wamekuwa wengi kuliko michango yetu, na mfuko ulikuwa karibu kuwa mtupu. Mwenzetu aliyelitoa si mtu wa roho mbaya. Yeye mwenyewe analaza watu saba wasio wa ukoo wake. Alisema tumefanya tulichoweza, na sasa tunawe mikono. Alitumia neno hilo hasa. Kura haikupigwa siku ile. Sisi tunaiandikia orodha hiyo hoja hii: wanaofika wasiondolewe, hata kama fungu la kila mmoja litakuwa dogo, na katika kila jumuiya watu wawili watumwe kwenda kuwaona walipolala, wakae nao, wawaulize wametoka kijiji gani na nani hakuweza kutoka nao, majina yaandikwe na kusomwa katika Misa ya Oktoba. Waweza kusema kwamba majina hayashibishi mtu. Ni kweli. Ndiyo maana hoja ina sehemu mbili.

Kijana wa Kampala, ambaye alibatizwa Pasaka ile, ameomba kuwa mmoja wa hao wawili katika jumuiya yake. Kura itapigwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nane, katika chumba kilicho nyuma ya kanisa. Ile ndoo ya wakati wa Ebola bado iko mlangoni, robine yake imeshakatika. Atakayefika mapema alete birika.